Mkono wa Pili

Miaka thelathini na minane baba yangu alipaka nyeupe.
Nyeupe ya ganda la yai, nyeupe ya maziwa yaliyolala,
nyeupe iliyoitwa theluji na watu wasioijua theluji ya Zabrze,
ambayo hufika chini ikiwa tayari na masizi.
Alipaka zahanati, madarasa, vyumba vya maharusi,
kuta za maghorofa ambazo watoto walizigusa kabla hazijakauka.
Usiku alikwangua kucha kwa kisu kidogo,
na hata supu yetu ilinukia tapentaini.

Siku ya tatu ya kustaafu akaniita:
"Lete ngazi, Urszula."
Nikakuta makopo mawili mezani, moja limefunguliwa.
Nikainama juu yake kama mtu juu ya kisima,
nikajikuta nangoja kusikia maji.

"Sebule yote?"
"Yote. Na dari."

Shangazi Hildegarda alikuja na keki ya jibini,
akaganda mlangoni, koti bado mwilini.
"Nani amekufa?"
"Hajafa mtu."
"Basi unamwandalia nani?"
Baba hakujibu. Alikuwa akifuata kona kwa brashi nyembamba,
ulimi nje, kama mtoto anayejifunza herufi.

Shangazi alisema nyeusi hula chumba, hushusha dari,
huikaribisha huzuni na kuimiminia chai.
Alisema mama yao alifua mapazia haya kila Jumamosi
yakakauka na vumbi lilelile la mgodi,
alifuta dirisha asubuhi, akalifuta tena adhuhuri,
maisha yake yote aliusukuma weusi nje ya nyumba hii,
"na leo wewe unaununua dukani, kwa lita!"

Brashi ikasimama.

"Aliusukuma," baba akasema,
"lakini kila alasiri uliingia kwa mlango ule,
umevaa viatu,
ukakaa kwenye kiti kile,
ukaniita kwa jina langu.
Mimi baba nilimjua kwa macho na meno.
Alipotoka kuoga
alikuwa mtu mwingine, mweupe, amechoka,
nami nilimwogopa."

Keki ikakatwa. Tukaila tumesimama.

Mkono wa kwanza ulitoka na mabaka,
kama ubao wa shule uliofutwa kwa kiganja.
"Usiuguse," baba akanionya. "Nyeupe hukusitiri.
Hii, kidole chako kimoja itakisema miaka kumi."
Tukangoja. Redio ya jirani ikasoma hali ya hewa,
mvua, halafu mvua, halafu labda mvua.

Mkono wa pili aliupaka bila kusema neno,
akivuta rola polepole kutoka dirishani,
na kuta zikaanza kurudi nyuma
kama watu wanaompisha mtu.

Ilipofika jioni nikawasha taa ya mezani.
Sahani yenye mapeasi mawili ikajitokeza,
kila peasi na shavu lake.
Nikaona mikono ya baba, na yale madoa meupe
ambayo sabuni iliyashindwa tangu sijazaliwa.
Nikaona nywele za shangazi, sikujua zimekuwa hivyo.

Alikuwa amekaa kwenye kile kiti,
mkoba mapajani, kama anayengoja treni.
Akatazama muda mrefu ukutani, juu, kisha pembeni.

"Nyuma ya mlango umeruka," akasema,
akavua koti,
akanyoosha mkono apewe brashi.