Murongo Mmoja wa Unga

Nsimire ananipigia kutoka Uvira, jioni ya Jumapili,
uniti zake chache, maneno yake mengi:
"Murhula yuko wapi? Simu yake hailii."
Nami nimeshika murongo mkononi, kipimo changu cha unga,
mteja amesimama mlangoni na mfuko wazi,
najibu kwa sauti ya mtu anayehesabu fedha:
"Amesafiri. Kazi za Walikale."

Hiyo ni safari yake ya nne mwaka huu.
Nimempeleka Walikale, nimempeleka Kindu,
nikampeleka Kalemie kwa boti,
na siku zote yuko hapa Kadutu, chumba cha nyuma,
kijana wa miaka thelathini na mmoja,
amelala na kiatu kimoja mguuni.

Mteja anataka nijaze mpaka unga umwagike pembeni.
Mimi hupitisha kiganja juu, nasawazisha.
Ndivyo nilivyofanya na habari zake.
Shemeji Kajangu nilimpa kijiko: "Tumbo linamsumbua."
Majirani sikuwapa, walichota wenyewe
kupitia ukuta wa mbao.
Mchungaji nilimpa nusu,
na Jumapili iliyofuata nusu ile ikanirudia kutoka madhabahuni,
imeiva, ina chumvi,
haina jina lakini ina anwani.

Na cherehani? aliuliza Ansima, binti yangu.
Nikasema iko kwa fundi.
Nilijua iko wapi: imenywewa, chupa kwa chupa,
kanyanga ya bondeni nyuma ya soko,
na vidonge vile wanavyouza kimojakimoja
kama peremende za watoto.

Wanasema mficha maradhi, kilio humuumbua.
Hawasemi anayeyatangaza humuumbua nani.

Mwezi ujao wakwe wanakuja kwa mahari ya Ansima.
Nsimire atashuka garini na kitenge kipya
na macho yake yale
yanayohesabu sahani, viti, watoto.
Nitamweka wapi Murhula?
Walikale kumejaa.

Usiku, umeme umekatika, nikabisha mlango wa nyuma.
Alikuwa macho, vidole vikimrukaruka mapajani
kama sambaza waliotoka wavuni sasa hivi.
Nikamuuliza swali nililokuwa nikijiuliza peke yangu:
"Mama yako mkubwa anakutafuta.
Nimwambie kiasi gani?"

Alikaa kimya mpaka mshumaa ukapinda.
"Mwambie cherehani niliiuza mimi.
Ila usimwambie nimesafiri, mama.
Mtu ambaye hakuondoka
atarudi kwa njia gani?"

Asubuhi mvua ilikuwa imezigeuza ngazi za udongo kuwa uji.
Nikanunua uniti za faranga elfu mbili, nikaketi juu ya gunia.
Nikamwambia Nsimire kanyanga. Nikamwambia vidonge,
cherehani, na kitanda tulichoahidiwa kwa masista
kikipatikana,
na kwamba sijui kama kitapatikana.
Nikasema: ukija, usimpe fedha mkononi.
Usimwombee kwa kelele.
Mletee soksi.
Alilia, akaniita mjinga kwa Kishi, mara mbili,
kisha akauliza ukubwa wa mguu.

Moja sikumwambia, wala simwambii mtu:
alfajiri ile nilipomtoa mtaroni,
nikimfuta tope masikioni kama siku aliyozaliwa,
aliniita kwa jina langu la usichana
ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Hilo limebaki chini ya gunia
pamoja na kiatu cha pili.
Nilikipata siku ileile.
Bado sijamrudishia.