Herufi Nne

Ukuta ule wa Chikongola niliuandika mimi,
mwaka wa gesi, madalali wametoka kama kumbikumbi:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Herufi kumi na sita, rangi nyekundu,
mia tano kila moja.
Bi Somoe alizihesabu kwa kidole, akalipa,
akaniongeza sahani ya ming'oko.

Siku hizo Hashimu dalali alikuja na watu wa suti,
wakapima uwanja kwa hatua, wakataja milioni
mpaka mate yakawakauka.
"Kitovu cha Mchopa kimezikwa uani," aliwaambia.
"Nacho mtakipa bei gani?"

Mwezi wa kumi kaniita tena.
Wapangaji wa kampuni walishaondoka na feni zao,
Mchopa kalazwa Ndanda, figo,
na bei anayoitaja Hashimu sasa
haigusi hata kizingiti cha ile ya kwanza.

"Usiandike upya," alisema. "Rekebisha."
Nikatazama. Kweli, UZW inabaki.
Unafuta HAI, unaweka INA;
I ya mwisho unaigeuza A.
Herufi nne.
Elfu mbili yake niliiacha chini ya kikombe.

Mvua ya kwanza imelamba chokaa yangu.
Ukipita asubuhi, jua likiupiga ukuta,
HAI inachungulia nyuma ya INA,
nyekundu kama ufizi.
Mteja mmoja alisimama, akasoma, akasoma tena,
akawasha pikipiki.

Hashimu kanipigia mara tatu nikapake upya.
Namwambia rangi imeniishia.