Bega la Kushoto

Afande, andika hivi: sikumtambua.

Tuliruka saa tisa usiku, vyombo sita,
kutoka ukingo wa Shimo la Mungu, Newala,
pale mafundi wanapokwangua mabibo yaliyopondeka
kwenye matairi, kila alfajiri, huku wakilaani.
Nachunga akachokoza redioni, kama kawaida yake:
"Wamakonde watangulie! Nyie si ndio mliyakimbia maji
mkaja kukaa juu kwenye ukame?"
Tukacheka. Kisha tukanyamaza,
maana Dunia ilikuwa imeshakuwa sahani.

Kazi yenyewe unayo kwenye faili:
kuukata msafara wa shehena za migodi ya Mwezi.
Wale wa huko karatasi zako zinawaita waasi.
Mimi nawakumbuka kwenye foleni mbele ya ofisi ya ushirika,
vijana arobaini, mkataba wa miaka mitatu,
na Mchopa wa Bi Somoe, nguo zake
kazitia kwenye mfuko wa salfa, anapiga chafya.
Vita ikamkuta kulekule.
Zamani mtu alivuka Ruvuma, akaoa ng'ambo,
na akija msibani hakuna aliyemuuliza bendera.
Sasa mto umehamia juu, na hauna kivuko.

Basi kikatokea kivulini
chombo kimoja, cha kijivu, kama vingine vyote.
Nikakifunga kwenye shabaha. Taa ikawa nyekundu.
Ndipo kikageuka:

bega la kushoto kwanza,
kikasita, kama kinangoja ngoma ikifikie,
halafu kiuno chote kikafuata.

Wewe si mtu wa huku, Afande.
Lipiko akitoka porini hafunuliwi kitu:
kichwa cha mti, nywele za watu,
nguo hadi kwenye vidole.
Hakuna anayemtaja jina. Ukimjua kwa miguu yake, unameza.
Tuliapishwa hivyo likumbini, mimi na yeye,
mwaka mmoja, kisu kimoja,
ngaliba yuleyule mwenye kikohozi.
Kiapo chako nilikula nina miaka ishirini na miwili,
nimevaa viatu.
Kile cha kwanza nilikula na kidonda kibichi.

Andika: roketi ilikwama.

Juma lililofuata Nachunga hakurudi.
Nani alimpiga, sijui. Kwenye rada ilikuwepo nukta,
nukta ikazimika.
Kwao Ruponda walichimba kaburi wakazika kofia yake ya akiba,
na mimi, mtani, ilinipasa nijilaze mle shimoni,
nidai pesa ndipo nitoke, watu wapate kucheka.
Nikajilaza. Pesa wakanipa.
Sikuinuka.
Udongo wa Ruponda ni mwekundu kuliko wetu,
nilikuwa sijawahi kuutazama kwa karibu vile.
Mwishowe walinivuta kwa mikono.

Na jana, bombani, siku ya mgao,
Bi Somoe na ndoo zake mbili:
"Nyie mnaopanda huko, wangu hamjamwona?"
Nikasema huko ni kukubwa, mama, na sote tumevaa.
Akajaza ndoo ya kwanza. Akajaza ya pili.
Mwanamke hatakiwi kumjua aliye ndani ya lipiko,
ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo wao
walivyotuachia tuamini.
Akajitwika, akanipa mgongo, akauliza
kama anayeuliza bei ya choroko:
"Na bado anatanguliza la kushoto?"

Maji yalimwagika kidogo, begani kwake.
Nilichomjibu hakimo kwenye maswali yako.

Kesho saa tisa tena. Vyombo vitano.
Andika: sikumtambua.
Na pale chini, kwenye mahitaji ya kikosi,
andika tuletewe fundi wa roketi.
Zinakwama.