Chekecheke

Msimu ule tulikuwa kumi na wanane kando ya mkanda,
kiwandani Moshi, vumbi la maganda puani,
vidole vikichomoa punje nyeusi, punje chachu,
punje zilizotobolewa na mdudu.
Juu yetu mashine ilitikisa sahani zake za bati,
zenye matundu ya kipimo,
ikiuliza kila punje swali moja tu: una upana gani?
Haikuuliza umechumwa Uru au Kilema,
wala mama yako alikuwa nani.

Kazi hiyo ilibaki kwetu.

Manka wa Machame ndiye alianza, kila asubuhi kabla ya chai:
babu yake alishika kalamu
babu zetu wangali wakikimbia baiskeli ya padri.
Elinaike wa Marangu akajibu, Someni tu,
lakini mzungu akiutaka mlima hubisha hodi kwetu.
Mimi wa Kibosho nikasema kanisa letu ni la mawe,
tena mawe ya kuchongwa.
Mama Shirima wa Rombo hakusema kitu. Alicheka,
cheko la mtu anayejua mbege ya nani imeiva.
Halafu sote, kama kwaya isiyohitaji mazoezi,
tukamgeukia Nakijwa wa Upare:
Kesi ya kuku imefika wapi?
Na yule ng'ombe uliyempa wakili, ameshazaa?
Nakijwa akacheka nasi, akafuta macho kwa pindo la kanga,
kisha akamnyooshea kidole Ntandu, mpagazi, wa Singida:
Yule je? Ndizi mbichi anaimenya kwa meno!
Ntandu, gunia mgongoni, akatazama getini,
akapata wa kwake: mlinzi, Mmaasai, na rungu lake.
Mlinzi hakujisumbua.
Kwake sisi sote, na mlima wetu na kalamu zetu,
tulikuwa watu wasio na ng'ombe.

Siku moja nilitumwa na sampuli kwa mwonjaji,
Bwana Ndekirwa, chumba cha nyuma chenye feni.
Vikombe vimepangwa mezani, daraja kwa daraja.
Alifyonza kwa kelele, akatema. Akafyonza, akatema.
Zile nene zenye bei na zile ndogo za mwisho
zilikutana kwenye ndoo ileile.
Nikamuuliza, ipi ndiyo ipi?
Ukubwa ni habari ya macho, mama.
Ulimi haujui matundu. Leo ndogo imeshinda.
Nilirudi kwenye mkanda. Sikumwambia mtu.

Ningesema nini? Hata habari ya tunda niliijua tangu utoto:
punje mbili hulala ndani yake uso kwa uso,
na ubapa wa tumbo la moja
ni alama ya pale ilipoegemewa na ndugu yake.
Ile ya mviringo, tuliyoipa jina lake na bei yake,
ni iliyobaki peke yake mle ndani.

Bei ilipoanguka walitupunguza sote siku moja,
bahasha za kaki, nyepesi kwa usawa.
Getini Manka akasema, Sisi angalau tuna shamba.
Akasema tena, kwa sauti ndogo. Tukaachana pale.

Usiku, chumbani kwangu Pasua, nililala chali
nikitafuta wa kumweka chini yangu.
Nakijwa? Kaka yake anamjengea Same, vyumba vitatu.
Ntandu? Keshapata kibarua kwenye miwa.
Mlinzi? Ndiye pekee aliyebaki na kazi.
Chekecheke likatikisika kichwani mpaka majogoo,
halikudondosha hata punje moja.

Alfajiri, foleni ya bombani,
mama mgeni aliomba nafasi ya kuweka ndoo,
na hiyo "ndoo" akaivuta kwa lafudhi ya kwao huko.
Kabla sijajua, nilishatabasamu.

Nikahisi usingizi unakuja.