Pesa ya Mizani

Chengo aliniletea bonge la udongo
ndani ya mfuko wa unga,
kutoka mtaro wa bomba waliokuwa wakiuchimba Kibokoni.
"Mna pesa humu," akasema, "zimeng'ang'aniana."
Nikampa mia mbili. Akaenda zake, koleo begani.

Mimi na pesa kuukuu tuna deni.
Nilikuwa na miaka sita. Mama, kila Alhamisi,
akisugua masinia kwa ukwaju na jivu
hata ungeweza kujipaka wanja ukijitazama humo.
Nami nikaona niitendee hisani pesa ya babu:
nusu ndimu, chumvi, kipande cha kumbi la nazi.
Ikatoka nyekundu kama imezaliwa juzi.
Babu hakunipiga.
Aliipapasa kwa kidole gumba, upande huu, upande ule,
macho yake yalikwisha kuona zamani,
akauliza, "Mizani iko wapi?"

Miaka thelathini baadaye nilimwonyesha Nargis,
fundi wa saa pale Makadara.
Akaitazama kwa kioo chake cha jicho moja,
akanirudishia haraka, kama mtu aliyeshikishwa kitu uchi.
"Umeichuna," akasema. "Weusi ule haukuwa uchafu.
Ile ndiyo ngozi yake.
Sasa hii haifiki hata bei ya mahamri mawili."

Basi bonge la Chengo sikulichokonoa.
Nimelilaza kwenye bakuli la kioo,
maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri
(maji, si asidi; nilimuuliza kijana wa petroli mara tatu)
kwani ya kisima chetu yana munyu,
na munyu na shaba ni mke na mume wa kesi.
Kila asubuhi namwaga tope, natia mengine.
Siku ya nne likashusha pumzi, likafumuka:
hela moja ya Mjerumani,
ndururu mbili, vitobo vimezibwa na mchanga,
kifungo cha suruali, nacho nimekiweka,
na moja nene, ya kijani kama kisamvu.

Tone la sabuni ya mtoto. Nikaishika ukingoni tu.
Kukausha ni kugusagusa kwa kanga iliyochakaa,
mkono ukitaka kusugua naukumbusha ndimu.
Kisha mafuta ya zeituni, chupa, kifuniko, kabati.
Sauda akadhani ni achari.
Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili, mafuta yakageuka rangi,
nikayabadilisha.
Wa tatu nikaenda kuchuma mwiba kwenye mndimu wa jirani.
Safari hii maji ya tunda sikuyataka.

Chini ya kioo, punje kwa punje, pumzi nimeibana,
ukatokea ufito. Nyuzi. Kitanga kimoja.
Herufi chache za Kiarabu, zimekaa zilipokaa: adili.
Kitanga cha pili kimefunikwa na gamba la kijani,
gumu, limeshikana na chuma.
Hapo nikauweka mwiba chini.
Gamba hilo likitoka, litatoka na kitanga.

Nargis aliigeuza mara moja tu.
"Usiitoe chini ya elfu nane. Na usiiguse tena."

Elfu nane.
Nilifika hadi kwenye ngazi za nyumbani
ndipo mia mbili zikanishika kooni.

Kibokoni mtaro umefukiwa, wamemwaga kokoto,
watoto wanapigia mpira juu yake.
Chengo yupi? Wapo watatu. Yule mrefu?
Wamehamishiwa Jomvu, wanachimba huko.

Pesa nimeifunga kwenye karatasi, mbali na plastiki.
Sijaiuza. Noti za elfu nne nimezitoa kwenye ada ya mtoto,
Sauda hajajua.
Jumapili nilikwenda Jomvu, mitaro miwili, sikumpata.
Kesho nakwenda tena.
Kitanga kimoja kinaonekana vizuri.