Povu Tupu

Povu tupu.
Nafungua koki, bilauri inajaa weupe
kana kwamba Kibo imeteleza usiku
ikashuka kulala hapa Rau, gereji kwangu.
Chini kabisa, upana wa kidole, ndiyo bia.

Kesho ni kipaimara cha Mkunde.
Nimeahidi lita kumi na tisa,
nimeahidi kwa mdomo wangu mbele ya mawifi.
Anasia akauliza, tutainywa kwa kijiko?
Wakacheka. Nikacheka zaidi yao.

Naanza na ninachokijua.
Kimea cha ulezi nilikianika mwenyewe juu ya magunia.
Ndizi ng'ombe zimeshuka kutoka Kibosho,
gome la msesewe limeleta uchungu wake wa kiasi.
Hamira ilimaliza kazi siku ya kumi na moja
ikatuama chini, kimya,
kama kidato cha tatu baada ya mtihani wangu wa fizikia.
Basi kosa haliko jikoni.
Kosa liko njiani, kati ya pipa na mdomo.

Geji inasoma thelathini.
Nani kaweka thelathini?
Mimi. Jumatano. Nililaza pipa sakafuni
nikawa nalibingirisha kwa mguu huku nasahihisha madaftari,
gesi ikiingia kwi-kwi-kwi, mlevi wa pupa.
Nilitaka siku tatu zifanye kazi ya wiki mbili.
Gesi haikubishana, iliingia yote.
Sasa inataka kutoka yote.

Nafunga mtungi. Navuta pete ya vali.
Pipa linashusha pumzi, shhhhhh,
mbwa wa kina Kombe anabweka.
Nasubiri. Navuta tena.
Saa nne. Saa tano kasoro robo.
Kila pumzi ni fupi kuliko iliyotangulia.

Nabaki na mpira.
Niliukata kwa ubahili, urefu wa mkono,
tena umepita nje ya friji, unagusa ukuta wenye joto.
Nikiutazama nauona mfongo wa nyumbani,
maji ya mlimani yasiyoachwa kamwe yashuke moja kwa moja:
yanazungushwa kwenye migomba, yanapewa kona,
yanafika shambani kwa babu yamechoka, yana adabu.

Namgongea Ombeni fundi.
Anatoka na shuka kiunoni, haulizi kitu.
Mita tatu, elfu tisa. Mchana ingekuwa sita.
Nauzungusha ndani ya friji, mkunjo juu ya mkunjo,
nauosha kwa maji ya moto pamoja na koki,
ambayo, nikiifungua, ina utando
wa rangi ambayo sitaitaja kwa wageni.

Kisha sabuni, kwenye kila kiungo.
Narudisha gesi, kumi tu, natega jicho.
Kifuniko kinatoa kipovu kimoja,
kidogo, chenye subira, kinachokua.
Ndiyo maana mtungi ulipungua wakati mimi namlaumu muuzaji wa Majengo.
Mpira wa duara umepinda. Naugeuza, nakaza,
nasahau nimekaza, nakaza tena.

Saa nane usiku.
Bilauri ya kwanza: povu. Namwaga.
Ya pili: nusu kwa nusu, kama ndoa.
Ya tatu nainamisha, nafungua koki mpaka mwisho, bila woga,
na inakuja
nyekundu ya udongo wa njia ya Uru, inapanda ukuta wa kioo,
juu yake vidole viwili vya povu, vinakaa, havikimbii.

Mama alinywa kwa kata.
Alipuliza povu upande, akanywa,
na siku zote tumbo la mtungi wake lilijua kiasi.
Sikumuuliza lolote. Nilikuwa nasoma.

Nazima taa. Sigusi kitu.
Ila gauni jeupe la Mkunde limening'inia msumarini, karibu na friji,
na lile povu la kwanza kabisa, la jioni, liliruka mbali:
kuna doa kwenye pindo, bado bichi.
Nalinusa.
Ndizi.
Nitamwambia ni maji.