Simu Ni Waya

Nabadilisha vioo vya simu Darajani,
chini ya ngazi za nyumba yenye popo,
na daraja lenyewe sijapata kuliona.
Palikuwa na maji hapa, wanasema,
mkono wa bahari ulioingia ukawatenga watu:
huku mji, kule Ng'ambo.
Maji yakafukiwa. Ng'ambo imebaki Ng'ambo,
ingawa kutoka kwangu unavuka lami tu.

Bi Zume alikuja Alhamisi, vuli inaanza,
simu kaizongazonga kitambaa kama andazi la moto.
"Haiingii chaji," kasema, akakalia ndoo.
Miaka ishirini na sita alikuwa posta, chumba cha kuungia:
matundu mia ubaoni, kamba mkononi,
Wete yaitaka Malindi, Malindi yaitaka Mkoani,
naye kati, achomeka, achomoa,
misiba ikimfikia kabla ya wenyewe.

"Wajua simu ni nini?"
Nikamwonyesha: betri, bodi, spika kama kifungo cha kanzu.
Akacheka hata buibui likamporomoka.
"Simu ni waya, mwanangu.
Waajemi walisema sim: fedha.
Kisha uzi wa fedha uliovutwa ukawa mwembamba.
Kisha waya wowote.
Likashuka pwani hii pamoja na nanga na bandari,
halikulipa ushuru.
Nguzo ziliposimamishwa, waya ukaitwa kwa jina lake,
na habari iliyopita ndani yake ikaitwa simu vilevile.
Mtu akiletewa simu usiku, nyumba nzima ilianza kulia
bahasha haijafunguliwa.
Sasa nyinyi uzi mmeukata,
mmebaki na jina."

Sikuwa na jawabu. Nikafungua skrubu.
Chumvi ya kijani imeota kwenye tundu la chaji,
hewa yetu hii, haimwachi mtu.
Nikaisugua kwa mswaki na spiriti.
Chini ya bodi nikauona mmoja,
mwembamba kuliko unywele, umejikunja kuifuata spika.
"Huu hapa, bibi."
Akavaa miwani. Akautazama muda mrefu,
kama mtu anayetafuta sura ya ukoo kwa kitoto kichanga.
"Umekonda," akasema.

Elfu tano, nikapokea nne.
Alipofika kwenye mwanga akapiga,
akipaza sauti kama inayovuka kwenda Pemba kwa waya:
"Niko Darajani! Da-ra-ja-ni!"
Na aliyekuwa upande wa pili, nani sijui,
alipajua.